Dumu la Bi Mistari

Maabara nzima ilimwita Bi Mistari, na alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa amelipata kwa jasho. Aliingia katika jengo lile miaka kumi na saba iliyopita akiwa muosha vyombo: chupa, vikombe, na vile vibao vyembamba vya kioo ambavyo ukivitazama kwa hasira tu vinavunjika. Mikono ilikuwa kwenye sinki, lakini macho yalikuwa mezani kwa wenzake. Akaona, akauliza, akakemewa, akauliza tena. Mwaka wa tatu akashika pipeti, kile kijibomba cha kunyonyea na kupimia matone. Mwaka wa sita wenye digrii zao wakawa wanamletea chai ili awaelekeze, na chai akawa anainywa bila aibu yoyote.

Kazi iliyompa jina ni hii. Unachukua damu ya mgonjwa, unatoa protini zake, unazipitisha kwa umeme ndani ya jeli. Humo zinajipanga kwa ukubwa wake, kubwa juu, ndogo chini. Lakini jeli ni kitu cha kuraruka, huwezi kukifanyia uchunguzi wa maana, kwa hiyo protini lazima zihamishwe ziende kukaa juu ya utando mweupe unaofanana na karatasi. Unapanga sponji, karatasi ya kunyonya maji, jeli, utando, karatasi tena, sponji tena. Unabana. Unazamisha kwenye maji ya kuhamishia, unawasha umeme, unamwomba Mungu. Ukipatia, utando unatoka na mistari imenyooka. Ukikosea unatoka mtupu kama ulivyoingia, na sampuli ya mgonjwa ndiyo imekwenda na maji.

Utando wa Bi Mistari haukutoka mtupu. Mistari yake ilinyooka mpaka wageni wakawa wanapelekwa mezani kwake kuoneshwa, kama vile watu wanavyowaonesha wageni sebule yao. Siri yake, alivyosema mwenyewe, ilikuwa maji. Alichanganya maji ya kuhamishia mara moja kwa mwezi, lita tano kwa mpigo: chumvi zake kwa kipimo, na sehemu moja kati ya tano ni methanoli, ile spiriti kali ya maabara. Chupa ile kubwa ilikaa juu ya friji la watu wote, na mwenye shida alichota.

Mimi nasema alikuwa mtu mwema wakati ule. Lakini wakati ule hakukuwa na mtu wa kumwonea wivu.

Wifi yake alikuja kukaa nao mwaka jana. Alikuwa dada mdogo wa mumewe, msichana wa miaka ishirini na sita aliyemaliza chuo na kukaa nyumbani kwa mama yake mwaka mzima akiandika barua za kuomba kazi. Mume wa Bi Mistari, fundi wa lifti, mtu mpole ambaye siku nzima hushinda ndani ya mashimo ya majengo marefu akisikiliza nyaya, alisema tu, "Mke wangu, hatuwezi kumtafutia hata pa kujifunzia?" Na Bi Mistari mwenyewe, kwa miguu yake, akaenda kwa Profesa, mkuu wa maabara, kumwombea.

Kwanza alijivunia. Jioni alimfundisha wifi kwenye meza ya kulia kwa sponji za kuoshea sahani na vipande vya mkate badala ya jeli. "Hapo kati kusiwe na hewa hata chembe, wifi. Kipovu kimoja tu, na pale kilipo hapahami kitu." Wifi alikuwa anaandika kila neno kwenye kijitabu. Mtoto wa Bi Mistari, binti wa miaka saba, alikuwa anawatazama huku akila jeli zao.

Basi wifi akajua. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, hakuwa na lingine. Akajua haraka, kwa mkono mwepesi usiotetemeka, na tena bila makeke. Mwezi wa nne mwenzao mmoja alipita mezani, akainama juu ya utando wa wifi, akasema, "Lo, Bi Mistari, huyu wifi yako ana mkono!" Bi Mistari akacheka. Akasema, "Si nimemfundisha mimi?" Lakini neno lile alitoka nalo mpaka nyumbani.

Baada ya hapo kila kitu kikawa kinamchoma. Profesa akiingia asubuhi na kusema "habari zenu", yeye alihesabu macho yake yametua kwa nani kwanza. Wifi akivaa koti jeupe, aliona limemkaa vizuri mno. Nyumbani, mumewe akiuliza mezani, "Kazini leo vipi?" alikuwa anamtazama dada yake, si mkewe, na wala hakujua kwamba anafanya hivyo. Mama mkwe akipiga simu alizungumza na bintiye nusu saa, kisha akasema, "Haya, nipe na huyo mkwe wangu nimsalimie." Na huyo! Bi Mistari aliirudia "na" ile kichwani wiki nzima.

Lakini kilichomkata maini ni binti yake. Siku moja mwalimu aliwaambia watoto wachore kazi wanazotaka kufanya wakiwa wakubwa. Mtoto akaja na picha ya mwanamke aliyevaa koti jeupe, ana pipeti mkononi.

"Mama huyu, eeh?" Bi Mistari aliuliza, huku tayari anatafuta pa kuibandika.

"Hapana," mtoto akasema. "Ni shangazi."

Jumatatu iliyofuata aliondoa chupa juu ya friji.

Sitaki kumpaka matope kuliko anavyostahili. Hakumwaga kitu cha mtu, hakuharibu kazi ya mtu. Alificha tu. Mkono wa birika ulimwota siku ile, yeye aliyekuwa anagawa kwa kila mtu. Chupa ile kila mtu aliijua, kwa hiyo alimimina maji yote ndani ya dumu la plastiki lililowahi kuwa na sabuni. Mfuniko wake ulikuwa umepotea siku nyingi. Akalifunika mdomo kwa karatasi ya fedha, ile ya kufungia vyakula, akaikaza kwa mpira, akalitia dumu kwenye kabati lake la chuma, akafunga kwa ufunguo. Kabati lenyewe limeegemea ukuta, na nyuma ya ukuta ule ni chumba cha tanuri la kukaushia vyombo, linalowaka kuanzia asubuhi mpaka jioni. Hakulifikiria tanuri. Alikuwa anamfikiria wifi atakapokuja kutafuta chupa na kuikosa.

Wifi hakutafuta. Hilo nalo likamwudhi.

Karibu na siku hizo Profesa akawaita wote. Alikuwa mzee mrefu anayeongea huku anafuta miwani, na alikuwa na habari mbili. Ghorofa ya pili kumetengenezwa chumba kipya, mashine zake bado ziko kwenye nailoni, na anatafuta msimamizi wa kudumu. Pili, hospitali imeleta damu ya wagonjwa wachache, iliyochanganywa pamoja na kugawiwa kwenye tyubu tatu ndogo. Tangu watoe damu hiyo, wagonjwa hao walikuwa wameshaanza dawa, kwa hiyo damu yao si ile tena, wala hakuna mahali pa kupata tyubu ya nne. Humo anatafuta protini moja ndogo sana.

"Bi Mistari, tyubu hizi ni zako," alisema. "Nikiona picha nzuri ya protini hii, basi na wa kukaa chumba cha juu nitakuwa nimemwona."

Hakuna aliyekuwa na shaka. Wifi ndiye aliyeanza kupiga makofi. Bi Mistari aliyasikia makofi yale akayatafutia ubaya, akaukosa, akazidi kukasirika.

Alitumia tyubu ya kwanza baada ya wiki tatu. Alifungua kabati, akachota maji yake kwenye dumu, akapanga kila kitu kama alivyopanga mara elfu. Alipobandua utando na kuutia rangi nyekundu ya kuoneshea protini, juu kulikuwa na ukungu wa mistari ya protini kubwa. Chini, pale ilipotakiwa protini ndogo, hakukuwa na kitu. Alidhani ni macho yake yanamdanganya. Akautia rangi mara ya pili.

Alianza kutafuta kosa, na katika kutafuta kosa hakuwa na mpinzani. Nyaya zilikuwa sawa, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Utando ulikuwa upande wake. Vipovu havikuwepo. Aliitia jeli rangi ya bluu kuona kama protini zimebaki humo, jeli ikatoka safi kabisa. Basi zilikuwa zimetoka kwenye jeli na hazikufika kwenye utando. Zimekwenda wapi? Kitu hakiwezi kuhama nyumba moja kisiingie nyingine.

Siku ile ile, upande wa pili wa meza, wifi alikuwa ametoa utando wake wa protini nyingine, kubwa na nyepesi kufanya. Mistari mitano, imenyooka. Alikuja nao taratibu. "Wifi, hebu niangalizie, huu wa nne haujafifia kidogo?" Yule msichana alikuwa anauliza kweli. Bi Mistari akaona anasimangwa.

"Nzuri," alisema. "Nenda kaweke."

Tyubu ya pili ilikufa vile vile, wiki moja baadaye. Na hapo ndipo alipoangalia dumu vizuri. Maji yalikuwa yamepungua. Si yale aliyochota yeye, ni zaidi. Akachukua kalamu, akachora kistari pembeni pale maji yalipoishia. Baada ya siku tatu maji yalikuwa chini ya kistari kwa unene wa kidole cha mtoto. Akachora kingine. Ijumaa yakawa chini ya kile kingine.

Akajua anaibiwa. Kabati lina ufunguo mmoja, na ufunguo huo uko kwenye pete moja na za nyumbani, na za nyumbani zinaning'inia msumarini nyuma ya mlango. Nani anapita pale kila asubuhi? Nani anaamka wa kwanza na kuwahi kazini? Nani mistari yake inanyooka siku ambazo ya mwenye maji inapotea? Kila swali lilikuwa na jibu moja, na jibu lilikuwa linalala chumba cha pili.

Nitasema ukweli hata kama haupendezi: alifurahi. Kwa miezi alikuwa anamchukia mtu asiye na kosa, na hiyo ni kazi ngumu. Sasa kosa limepatikana. Alilala vizuri kwa mara ya kwanza, ingawa kichwa kilikuwa bado kinamgonga. Kichwa kile kilimwanza tangu ahamishie dumu kabatini. Kila akifungua mlango wa kabati asubuhi kilimpanda, na mumewe alikuwa anamnunulia vidonge na kumwambia apunguze mawazo.

Jumanne, mbele ya wenzao watatu, akamwendea wifi mezani.

"Wifi, ukiwa unachota kwangu, si uniambie?"

"Nachota nini, wifi?"

"Unajua."

"Sijui. Niambie."

"Maji yangu ya kuhamishia. Ufunguo unautoa nyumbani, msumarini. Unadhani mimi kipofu? Nimechora vistari kwenye dumu, kila siku yanashuka! Na sijui unarudishia nini humo ndani, maana tyubu mbili za watu zimeniharibikia mikononi."

Wifi aliweka pipeti chini. "Dumu gani?" aliuliza.

Wenzao wakatazamana, maana kila mmoja alikuwa na swali hilo hilo. Hakuna aliyejua kuwa kuna dumu. Walidhani chupa ya juu ya friji ilivunjika.

"Mimi nachanganya yangu kila wiki," wifi akasema polepole. "Nilipoona chupa haipo nikadhani umechoka kutuchanganyia, nikaona nisikusumbue." Kisha akavua glavu. "Umenificha maji, wifi? Mimi? Na sasa ni mwizi?"

Mtu mwingine angejiuma ulimi pale. Bi Mistari alikuwa ameshatoa povu mbele ya watu, akaona kurudi nyuma ni aibu kubwa zaidi. "Sijasema mwizi," alisema. "Umesema mwenyewe."

Saa kumi jioni, Bi Mistari alipofika nyumbani, wifi alikuwa ameshafunga begi. Alikuwa anahamia kwa rafiki yake wa chuo, mtaa wa pili. Alimbusu mtoto, akamwambia ajitahidi kusoma, akatoka bila kubamiza mlango. Mume wa Bi Mistari aliporudi alimkuta mkewe jikoni akisugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

"Dada yangu amenipigia simu analia," alisema.

"Na mimi nisiyelia sina uchungu?"

"Umemwona akichota?"

"Nimeona maji yakipungua."

Akavuta kiti, akakaa. Alikuwa mtu wa kufungua kitu na kutazama ndani kabla ya kulaumu. "Mimi nikiitwa lifti imekwama," alisema, "sianzi kwa kuuliza nani ameiharibu. Naanza kuuliza imekwamia wapi." Akaongeza: "Mama mtoto, tangu lini umemchoka?"

Bi Mistari akairudia sufuria. Alikuwa anajua tarehe kabisa.

Jumatano wifi alifika kazini kama kawaida. Alimsalimia kila mtu, na alipofika kwake akasema, "Shikamoo, Bi Mistari." Si wifi. Mpaka siku ile hakuwa amewahi kumwita hivyo, na lile jina, alilolipenda miaka yote, likasikika kama la mtu wa mbali. Tyubu ilikuwa imebaki moja. Profesa alikuwa safarini, anarudi Ijumaa, na anataka picha.

"Usiiguse bado," wifi alisema. Alisimama upande wa pili wa meza, mikono ndani ya mifuko ya koti. "Tupitishe kwanza ngazi peke yake." Ngazi ni mchanganyiko wa protini za dukani zilizotiwa rangi tayari, za ukubwa unaojulikana, kila moja na rangi yake, ukizipitisha unaziona kwa macho. "Na badala ya utando mmoja tuweke miwili, mmoja nyuma ya mwingine. Kama protini zinatoka kwenye jeli na hazionekani, huenda hazipotei. Huenda zinapitiliza."

Bi Mistari alisikia wivu ukimpanda mpaka masikioni. Si kwa sababu wazo lilikuwa baya. Lilikuwa zuri, lilikuwa rahisi, na lilitakiwa liwe lake. Miaka kumi na saba, na hakulifikiria, kwa sababu alikuwa anatafuta mwizi.

"Na tutumie maji ya dumu," wifi akaongeza. "Yale yale."

Wakafanya kazi saa mbili bila kusemezana zaidi ya "nipe" na "shika". Walipobandua, utando wa kwanza ulikuwa na rangi za juu tu. Wifi akaubandua wa pili kwa ncha ya koleo ndogo. Rangi za chini zote zilikuwa huko, zimetua kwenye utando wa nyuma, mahali ambapo siku nyingine hakuna utando, kuna karatasi na sponji na maji.

"Zimepita," wifi alisema.

Bi Mistari hakuhitaji kuelezwa. Ni yeye aliyekuwa anawaeleza wengine: umeme ukizidi protini ndogo hupitiliza, na methanoli ikipungua pia hupitiliza, kwa kuwa ndiyo inayozifanya zishike utando. Umeme walikuwa wameupima pamoja. Akaenda kabatini, akalitoa dumu, akaondoa karatasi ya fedha, akainamisha pua. Methanoli ina harufu ya kukukata pumzi. Humo ndani hakukuwa na harufu yoyote. Akanusa tena, kwa nguvu, kama anayetaka kuilazimisha irudi. Kisha akapitisha mkono nyuma ya kabati mpaka ukutani, akauondoa haraka. Ukuta ulikuwa wa moto.

Hakuna aliyechota. Spiriti ilikuwa inaondoka yenyewe, wiki tano, kupitia ile karatasi ya fedha, ikijaa kabatini, ikimpiga yeye kichwani kila asubuhi. Mwizi aliyekuwa akimwekea vistari alikuwa joto la tanuri, na aliyemfungulia mlango ni yeye mwenyewe.

Aligeuka. Wifi alikuwa ameshaelewa. Alikuwa anatazama dumu, karatasi na mpira wake. Bi Mistari alifungua mdomo aseme samahani. Neno lenyewe lilikuwa pale ulimini. Lakini akaiona ile shingo iliyonyooka, na ile mikono iliyotulia, akasema, "Basi nitachanganya mapya."

"Changanya," wifi akajibu.

Alhamisi alichanganya mapya, akayafunga kwa mfuniko wa kweli, akayaweka juu ya friji. Akatayarisha jeli. Akaketi kuingiza sampuli kwenye vishimo vyake, vile vitundu vidogo vinavyotaka mkono uliotulia, akaanza na ngazi. Rangi ikamwagika nje ya kishimo. Akajikaza, akajaribu cha pili, ikamwagika tena. Tyubu ya mwisho ilikuwa mbele yake kwenye barafu, na ndani yake kulikuwa na damu ya watu waliokuwa wametoa mkono wakijua kuwa kuna mtu atakayefanya kazi vizuri. Aliweka pipeti chini.

"Fanya wewe," alisema bila kugeuka.

Wifi alivaa glavu. Aliingiza sampuli zote bila kumwaga hata tone, akapanga sponji na karatasi, akazungusha kijiti cha kioo juu ya utando mara tatu kutoa hewa, vile vile alivyofundishwa kwenye meza ya kulia. Bi Mistari alikaa kwenye kiti cha pembeni akitazama mikono yake mwenyewe ikifanya kazi kwenye mwili wa mtu mwingine, mdogo, mzuri, wenye miaka mingi mbele. Sijui kama kuna mateso zaidi ya hayo. Alitamani akosee. Alitamani hivyo kwa muda wa pumzi moja, na katika pumzi ile aliwatupa wagonjwa wote wa hospitali ile, akajiona, akaogopa.

Ijumaa saa nne Profesa aliingia bado ameshika begi la safari. Picha ilikuwa kwenye skrini. Mstari wa protini ndogo ulikuwa pale chini, mwembamba, mweusi, umenyooka kama uliochorwa kwa rula, katika kila kishimo cha sampuli. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nilisema mimi!" alipaza sauti. "Niliposikia mbili zimeharibika nikasema hapana, huyu mama simjui leo. Angalia! Nani mwingine katika jengo hili ananyoosha mistari hivi? Hongera, Bi Mistari. Hongera sana. Jumatatu ukachague wapi uweke meza yako kule juu."

Wenzao walitazama chini. Wifi alikuwa kwenye sinki, amewapa mgongo, anaosha vioo. Maji yaliendelea kutiririka kwa kasi ile ile. Hakugeuka, hakukohoa, hakuacha hata kioo kimoja kigongane na kingine. Angenyamaza, hilo lilikuwa wazi. Angenyamaza leo na mwakani, na nyumbani kwa kaka yake asingerudi, na chumba chenye mashine za kwenye nailoni kingekuwa cha mtu mwingine kwa neno moja tu la "asante, Profesa".

Bi Mistari alilitazama lile neno lilivyo jepesi. Alikitaka chumba kile. Alikuwa ameshakipangia mapazia.

"Si mkono wangu huu, Profesa," alisema. "Ni wa wifi yangu."

"Wa nani?"

"Wa wifi. Zangu ni zile mbili zilizoharibika. Nilificha maji asiyatumie, nikayaweka mahali pa moto, yakafa. Nikamwita mwizi mbele ya hawa. Aliyegundua protini zinapitiliza ni yeye, aliyepanga huu utando ni yeye." Akaionesha skrini kwa kidole. "Kwa hiyo chumba cha juu namwachia yeye."

Maji ya sinki yakafungwa. Wifi aligeuka, glavu zinachuruzika. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti haikutetemeka.

"Huniachii," alisema. "Hakikuwa chako, wifi. Usinipe kitu nilichofanyia kazi."

Na hapo ndipo neno lilipompata Bi Mistari. Kumbe hata katika kutubu alikuwa amejiwekea kiti cha juu, yeye mpaji, mwenzake mpokeaji. Uso ukamwaka. Profesa alisogeza begi kutoka mkono huu kwenda mkono ule, asijue atazame wapi.

"Kweli," Bi Mistari alisema. "Umekipata mwenyewe. Unaijua kazi kuliko mimi."

Alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, na wivu bado ulikuwa unamla, haukuwa umepungua hata chembe.